Kama Kawaida

Karatasi ya maelezo inaniagiza niunganishe vipande saba, niifungue mishono kwa pasi, kisha mwanya wa nyuma niumalize kama kawaida. Basi. Nimeigeuza karatasi nione kama kuna mchoro upande wa pili, hakuna. Aliyeandika maneno hayo alikuwa akisema na mwanamke wa miaka ya 1890, aliyeshika sindano kabla hajaota magego, na mtu kama huyo ukianza kumweleza mwanya wa sketi humalizwa vipi utakuwa umemvunjia heshima. Mimi nimeshika sindano nikiwa na watoto wawili. Kawaida yake siijui.

Naishi Lowell, Massachusetts, mji uliojengwa kwa pamba kando ya mto Merrimack, na ambao siku hizi una Wakenya wengi hata ukisikia mtoto anagombezwa kwa Kiswahili kwenye foleni ya dukani hugeuki kutazama. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Siku nisiyo na zamu, nashona. Pateni hii niliiokota kwa dola moja kwenye duka la vitu vilivyotumika, ndani ya sanduku la zipu na vifungo vilivyokatwa kwenye nguo kuukuu. (Kwetu sisi tuliokulia karibu na soko la Kongowea, Mombasa, tukisubiri robota la mitumba likatwe kamba, kuja kununua mitumba Marekani ni kama kuufuata mto hadi kwenye chemchemi.) Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Mbele yake pana mchoro wa mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, mwavuli mkononi, ncha ya kiatu ikichungulia chini ya pindo. Hiyo ndiyo sketi ya kutembelea, iliyokatwa fupi kidogo ili mwenye nayo aweze kuvuka barabara bila kuikusanya mkononi kama mzigo.

Ni chapa mpya ya pateni ya kale. Mistari imechapwa kwa wino, jambo ambalo ni hisani kubwa, maana zile za asili hazikuwa na mstari wala neno. Zilikuwa karatasi ya shashi iliyotobolewa matundu na kukatwa mapengo madogo pembeni. Tundu hapa maana yake kunja, tundu pale maana yake laza kipande sambamba na uzi wa kitambaa, na pengo litafute pengo mwenzake. Pateni zenye maandishi zilikuja kuenea baadaye, katika karne ya 20. Wachapaji wa hii yangu wameongeza mistari lakini maelezo ya zamani wameyaacha yalivyokuwa, bila huruma.

Mjomba wangu ni fundi wa kanzu, Mji wa Kale, Mombasa. Hajapata kumiliki pateni maishani mwake. Ana futi shingoni, chaki, mkasi mzito kama jiwe la kusagia, na jicho. Mteja huingia, akapimwa bega, mkono, urefu. Vipimo huandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda, na mstari wa chaki hupita moja kwa moja juu ya kitambaa cha mtu, ambacho fundi akikiharibu atakilipa. Nilipomwonyesha karatasi yangu kwenye simu, aliitazama kitambo.

"Sasa hii wampimia nani?"

"Hakuna mtu, mjomba. Imepimwa tayari."

"Kabla ya kumwona?"

Swali hilo ndilo lililomtajirisha Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Sterling, kijiji ambacho ukitoka hapa Lowell kwa gari unafika kabla ya saa moja kwisha. Kwa masimulizi ya nyumba yao, mkewe Ellen ndiye aliyechoka. Alikuwa na nguo ya mtoto ya kukata, pateni iliyopatikana haikuwa ya kimo cha mtoto wake, na kuipunguza ilikuwa kazi kuliko kushona. Magazeti ya wanawake yalikuwa yakichapa pateni tayari, lakini kwa saizi moja tu, na aliyekuwa mnene au mfupi alijijua mwenyewe. Mwaka 1863 Butterick akaanza kuuza pateni za saizi mbalimbali, akaanzia na nguo za wanaume na wavulana, na miaka michache baadaye akaingia kwenye za wanawake. Karatasi ngumu ilimshinda kukunja na kutuma kwa posta, shashi ikakunjika. Cherehani nazo zilikuwa zimeshaingia majumbani, maana kampuni ya Singer ilikuwa ikizikopesha kwa malipo ya kidogo kidogo tangu miaka ya 1850. Mafundi wa kila mahali watakuambia kushona si kazi, kazi ni kukata. Butterick aliuza kukata.

Lakini mjomba hakuwa amekosea. Pateni yangu ni ya kiuno cha inchi 24, kiuno kilichokazwa kwa koseti, na mimi nina 31 siku nisiyokula wali. Tofauti ya inchi 7, vipande 7: inchi moja kwa kila kipande, nikasema, hesabu gani hii tamu. Ingekuwa vema ningeitilia shaka kwa utamu wake. Nyongani sketi ilikuwa tayari na nafasi ya kutosha, kwa kuwa wenye nayo walivaa nguo nyingine mbili tatu chini yake. Nilichotakiwa kuongeza ni juu tu, kwenye kiuno, kisha mstari urudi taratibu hadi ukutane na wa zamani inchi saba chini. Ukifanya hivyo kwenye vipande saba, mkunjo wa kila mshono unabadilika kidogo, na mwanamke wa kwenye bahasha anaanza kufanana nawe. Nilifuta na kuchora usiku mzima. Kanga haina shida hii. Kanga haina kiuno; kiuno unakifunga wewe, na ukinenepa inanenepa nawe.

Kabla ya kugusa sufu niliyoinunua kwa bei ya kutetemesha, nilishona sketi ya majaribio kwa merikani. Hapa pana jambo ambalo limekuwa likinichekesha tangu nilipoling'amua. Wamarekani nguo hiyo ya majaribio huiita kwa jina la kitambaa chake. Ukisikia mshonaji anasema leo atakata kitambaa hicho, anataja pamba nyeupe ya bei rahisi lakini maana yake ni vazi. Sisi kitambaa hichohicho tulikiita kwa jina la nchi yao. Wao wamesahau kilikwenda wapi. Sisi hatukusahau kilitoka wapi, kwa sababu jina halikuturuhusu.

Kilitoka huku. Meli za Salem, bandari iliyo kaskazini ya Boston, zilikuwa zikifika Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani ikafunga mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaja kuwa konseli wa kwanza. Pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na majirani zake, ikavuka bahari mbili, na bara ikawa kama fedha: mizigo ya merikani ilipanda na misafara, ikashuka pembe za ndovu. Pembe nyingine ziliishia Connecticut, zikakatwa vibao vya piano. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata pamba, viwanda vikakosa malighafi, na nguo za Uingereza na za India zikachukua soko. Butterick alikuwa akitoboa karatasi zake katikati ya vita hivyohivyo.

Kwetu, merikani ilikuwa nguo ya aliyepewa. Mtumwa alivishwa merikani, au kaniki, ambayo ni pamba ileile iliyotiwa rangi ya giza. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya ikangoja hadi 1907. Miaka hiyohiyo wanawake waliotoka utumwani waliziweka kando merikani na kaniki wakajifunga kanga, za rangi, mbilimbili. Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama mbele ya kioo, sebuleni Lowell, nimevaa sketi ya merikani nyeupe ya mtindo wa 1898, nilisita. Bibi yake bibi yangu asingeivaa nguo hii hata ya kujaribia.

Na ilikaa vibaya. Mbele ilikuwa inakimbilia upande, mishono ya ubavuni imejikunja kama mtu aliyeng'ata ndimu, na nyuma pindo limechomoza juu. Mapengo ya pembeni yalikuwa yamenionya yalipokataa kukutana, nami nikayapuuza. Nilikuwa nimeichezea karatasi kiasi kwamba nilidhani ni mimi niliyeyahamisha. Nilimpigia mjomba baada ya sala ya alasiri ya kwao, asubuhi ya huku, nikaiegemeza simu kwenye birika, nikazunguka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Geuka tena. Ngoja." Alisogeza uso kwenye simu hadi nikaona nyusi tu. "Taharizi umezigeuza."

Sikuwa nimesema neno taharizi. Sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa nikitumwa dukani kwake kumpelekea chai. Taharizi ni vile vipande vinavyotiwa ubavuni mwa kanzu, vyembamba juu, vipana chini, ili mtu apate nafasi ya kupiga hatua na kurukuu. Mimi nilikuwa nimehangaika wiki nzima nikitafuta neno la Kiswahili la vipande vya sketi hii, nikaridhika na "pisi", kama mafundi wa sare za shule wasemavyo sketi ya pisi sita. Yeye aliona taharizi sita zimepangwa kuzunguka kipande cha mbele, na akaona kwamba za ubavuni zimekaa kinyume.

"Upande ulionyooka na uzi utazame mbele," alisema. "Wa mshazari urudi nyuma. Mshazari ni mtoto, mwanangu. Ukimwacha peke yake atazurura. Mshikishe mkono na mtu mzima."

Ndivyo sketi ya 1898 ilivyokatwa. Kila kipande cha ubavuni kina ukingo mmoja unaofuata uzi wa kitambaa, ambao hauvutiki, na ukingo mwingine wa mshazari, ambao ukiutundika unarefuka kwa uzito wake. Ukingo wa mshazari wa kipande hiki hushonwa na ukingo ulionyooka wa kipande kinachofuata nyuma yake, na hivyo kila mshono una mtoto na mtu mzima. Nyuma katikati tu ndipo watoto wawili hukutana, mshazari kwa mshazari, na hapo pateni haisemi lolote. Nilitia utepe wa pamba ndani ya mshono, uwe mtu mzima wa kukodi.

Niliifumua merikani, nikaishona upya. Ikatulia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama mjomba kwa jicho lingine. Nilimwomba anichoree kanzu kwenye gazeti, vipande vyote, na vipimo: mwili, mikono, kikwapa, taharizi, jinsi anavyokata ili kitambaa kisibaki. Nikamwambia nitalipia gazeti. Alicheka hadi akakohoa.

"Kanzu? Nani asiyeijua kanzu?"

Sikumjibu, lakini niliwahesabu. Mwanawe mkubwa anaendesha lori Doha. Wa pili anauza vifaa vya simu, mlango wa tatu kutoka dukani kwa babake. Mwanafunzi wa mwisho aliondoka kabla ya korona. Mlangoni pake mwenyewe zimetundikwa kanzu zilizoshonwa kiwandani ng'ambo, za kuvutia wapita njia, na ndizo zinazolipa kodi. Nani asiyeijua kanzu: ni sentensi ileile ya karatasi yangu. Aliyeandika "kama kawaida" hakuwa mvivu. Alikuwa mtu aliyezungukwa na wajuzi pande zote, hata hakuona kwamba ujuzi ni kitu kinachoweza kuondoka.

Sufu yangu ni ya buluu iliyokolea, karibu na kaniki, na ina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja. Ukigeuza kipande kimoja, mwanga utakusema mbele za watu. Nilikata nikiwa nimefunga mlango na kuzima simu. Bitana nilililaza chini ya kila kipande kabla ya kuunganisha, nikapiga bandi kuzunguka, nikashona vyote viwili kama kitu kimoja, ndivyo walivyofanya. Inaifanya sketi iwe na mwili. Chini kwenye pindo wao walitia kitambaa kilichofumwa kwa singa za farasi ili sketi isimame mbali na miguu. Mimi nilitia kanvasi. Mfuko umejificha kwenye mshono wa nyuma, mahali ambapo huwezi kuufikia bila kuonekana unajikuna, na simu inaingia.

Ikabaki ile kawaida. Mwanya wa nyuma, kuanzia kiunoni hadi inchi kumi chini, bila zipu, maana zipu haikuwa imeingia kwenye sketi za wanawake. Mjomba alinipa jibu bila kufikiri: tia lisani, ule ulimi wa kitambaa unaokaa chini ya mwanya wa kanzu kifuani. Nilitia lisani nzuri, mshono mdogo mdogo, nikampigia picha akanisifu. Mara ya pili kuivaa, wakati naipitishia miguuni, nilisikia sauti ya karatasi ikichanwa. Chini ya mwanya ulikuwa umepasuka vidole viwili. Kanzu hupitia kichwani na huning'inia mabegani. Sketi ya sufu yenye bitana huning'inia kwenye mwanya wake. Hapo kawaida ya mjomba iliishia.

Jibu nililipata maktaba, kwa Janet Arnold. Mwingereza huyu alizunguka makumbusho akizipima nguo za kale moja moja, akazichora kwenye karatasi ya miraba, na vitabu vyake vya kwanza vilitoka katika miaka ya 1960. Wengine walichora nguo zilivyoonekana barabarani. Yeye aliingia ndani: mshono ulikunjwa vipi, kulabu ipo wapi, utepe umeshikizwa na nini. Kuna jambo la adabu katika kazi yake, kama mtu anayeosha maiti. Kwenye michoro ya namna hiyo nikaona kwamba ubavu mmoja wa mwanya hutiwa ulimi mpana unaolala chini ya mwenzake, na mwisho wake, mahali panapovutwa, pande zote mbili hufungwa pamoja kwa mishono mizito ya mkono. Vikulabu vitatu na vitanzi vyake. Haikunichukua hata saa moja. Miaka mia na zaidi, na ilikuwa kazi ya dakika arobaini.

Pindo halikatwi siku hiyo. Sketi yenye mshazari huachwa itundikwe usiku kucha, ikiwezekana na mchana wake, ili itakachorefuka irefuke kabla hujaipima. Yangu niliitundika mlangoni mwa kabati. Usiku mwanangu wa kike aliamka kunywa maji, akapiga ukelele kwamba kuna mwanamke amesimama. Asubuhi nyuma ilikuwa imeshuka robo tatu ya inchi, ubavuni kushoto zaidi kidogo kuliko kulia. Labda nilivuta wakati wa kushona. Niliivaa, nikasimama juu ya kigoda, na mtoto akapita na rula ya mbao na chaki, akizunguka kwa magoti, anatia alama inchi nne kutoka chini. Aliniuliza kwa nini nisinunue sketi.

Inchi hizo nne zina historia ya ubishi. Mwaka 1896 wanawake wa New York waliunda chama, Rainy Day Club, kwa ajili ya kutetea sketi zisizoburura siku za mvua. Wapita njia waliwazomea. Madaktari walikuwa upande wao, wakisema pindo linaloburura huokota mate na vijidudu na kuviingiza ndani, ila wenye magazeti waliona vifundo vya miguu ndivyo hatari zaidi. Baiskeli nayo ilisaidia. Nikiwaza wao wakipandisha pindo na wa Unguja wakibadili kitambaa, ndani ya miaka miwili, sidhani upande mmoja uliusikia mwingine.

Maelezo yanamalizia kwa ukanda wa kulinda pindo. Ni utepe wa sufu mzito wenye nywele, unaoshonwa kwa mkono ndani ya ukingo wa chini, ukijitokeza kidogo mno, upana wa uzi mmoja au miwili. Kazi yake ni kugusa ardhi kwa niaba ya sketi. Ulipochakaa uliondolewa, ukatiwa mwingine. Nilipata wa pamba, yadi nne, mweusi.

Jumapili ya kwanza ya Machi nikaivaa sketi, na buti, na koti langu la kila siku, nikatembea kando ya mfereji hadi Boott, kiwanda kilichofanywa makumbusho. Ghorofa ya chini wamebakiza chumba cha mitambo ya kufuma, na mingine bado huwashwa. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Mlinzi aliitazama sketi kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama kuna maonyesho leo. Nikamwambia hapana, natembea. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na njia yote ilikuwa tope la chumvi.

Nyumbani niliigeuza sketi ndani nje. Sufu ilikuwa safi. Ukanda ulikuwa umekunywa kila kitu, mweupe wa chumvi kwenye duara zima, na sehemu moja umenyofoka nilipokanyaga wakati wa kupanda ngazi. Nimeufumua wote jioni ile, nikautupa. Mpya nimeagiza yadi nane.